Kansa ya mdomo: operesheni imefanikiwa, mbona shingo inatoa mate na usaha? Uzi kwa wanaouguza

NesiWaZamu:

Wakuu habari za usiku huu. Nimekaa wodi ya upasuaji wa kichwa na shingo miaka ya kutosha na swali ni lilelile, ndugu anakuvuta pembeni ya korido anasema nesi, daktari alituambia operesheni imeenda vizuri na nyama aliyowekewa imeshika, sasa mbona ananuka? mbona shingo imevimba? Tumedanganywa? Hamjadanganywa. Kansa kutolewa yote ni habari moja, kidonda kupona ni habari nyingine kabisa, na hii ya pili ndo watu wanasaini fomu za thieta bila kuielewa, kwa hiyo leo niko off ngoja niimwage yote hapa.

Kwanza mjue kinachofanyika mle ndani. Mtu mwenye kansa ya ulimi, ya fizi au ya shavu kwa ndani, wanakata kansa yenyewe na nyama nzima inayoizunguka, na mara nyingi wanapitia tezi za shingoni upande huo. Linabaki shimo. Ukiliacha hivohivo hatameza wala kuongea, na kama taya limekatwa uso unaporomoka upande mmoja. Kwa hiyo wanaleta nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe. Kuna ya mkono, hapa ndani juu kidogo ya kiganja, inatolewa ngozi pamoja na mshipa wake wa damu, inapelekwa mdomoni na ule mshipa unaunganishwa na mishipa ya shingo chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kuna ya paja. Kuna ya mguu, wanatoa ule mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi, wanaukata na kuupanga ufuate umbo la taya, wanaufunga na pleti za titani (na ndiyo, mtu anatembea vizuri tu baadae). Halafu kuna ya kifua, hiyo haikatwi mshipa, inageuzwa tu inapita chini ya ngozi ya shingo hadi mdomoni, na hospitali nyingi za kwetu ndo hiyo inabeba mzigo maana haihitaji hadubini wala masaa 10 ya thieta. Zote wodini tunaziita flapu na mimi hapa nitaita flapu.

Tatizo sasa. Ukipasua ngiri unasafisha ngozi, unafunika, unakata, basi. Mdomo hausafishiki hata ufanyeje. Mililita moja ya mate ina bakteria zaidi ya milioni mia, na mtu mzima anatengeneza mate karibu lita nzima kwa siku. Na hapo umeshafungua njia kutoka mdomoni mpaka shingoni kwenye mishipa mikubwa ya damu. Nyuzi za ndani ya mdomo ndo ukuta pekee uliobaki kati ya mate na shingo. Zikiachia hata kidogo, tena huwa ni kule nyuma kwenye kona ambako tochi haifiki, mate yanashuka, yanatuama chini ya ngozi, yanachacha yanakuwa usaha, na usaha hauna adabu, unajitafutia mlango wenyewe. Wengi inajitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10. Ngozi ya shingo inakuwa nyekundu, ya moto, inang'aa, alafu asubuhi moja unakuta kitundu kinatoa mate. Hiyo ndo fistula. Wengi wakisikia fistula wanajua ni ya akina mama waliojifungua kwa shida, kumbe shingoni ipo vilevile.

Kuna mama mmoja chupa yake ya dreni sitaisahau. Dreni ni ule mpira unaotoka shingoni kwenda kwenye chupa, siku ya kwanza inatoa damu, baadae inakuwa pinki, baadae maji ya njano nyepesi na inapungua. Yake ilikuwa inaenda vizuri kabisa. Asubuhi naingia zamu nakuta imekuwa nzito, ya kijivu, ina chembechembe nyeupe zimetulia chini. Nikafungua nikanusa. Uji. Mpira wa puani wa kumlishia upo, maelekezo yamebandikwa juu ya kitanda kuwa hakuna kitu kupita mdomoni, lakini binti yake usiku alimuonea huruma akampa vijiko viwili vitatu mama anatikisa kichwa anaomba. Simlaumu binti. Ila uji ulipita mdomoni ukatokea kwenye chupa ya shingo, hapo hakuna haja ya kipimo kingine.

Sasa ninachotaka mshike kuliko vyote. Watu wanaogopa maambukizi kwa sababu ya harufu na homa. Mimi naogopa kwa sababu ya kalenda. Wagonjwa wengi wa aina hii baada ya kupasuliwa wanatakiwa wapigwe mionzi, na mionzi inatakiwa ianze ndani ya wiki 6 toka siku ya operesheni. Shingo yenye tundu na usaha haipigwi mionzi mpaka itulie. Wiki ya 4 bado tunaosha kidonda, ya 6 bado tunaosha, ya 9 ndo kimefunga, na muda wote huo kama kuna chembe za kansa zilibaki zinaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo maambukizi ya shingo yanaweza kumrudishia mtu kansa bila yenyewe kuwa kansa.

Tafiti nyingi za operesheni hizi zenye flapu zinaonyesha maambukizi kwenye asilimia 10 hadi 30 ya wagonjwa, na hiyo ni pamoja na nchi zenye kila kitu. Msione aibu, na msikimbilie kusema mtu karogwa.

Karibuni kwa maswali, niko hapa.

Mzee_Kabwela:

Nesi umeongea vizuri ila mbona hujagusa dawa? Mimi shemeji yangu alipasuliwa mdomo, sindano za antibaiotiki wakampa siku ile na kesho yake wakasimamisha. SIKU MOJA TU. Tukauliza tukaambiwa inatosha. Nikajua tu hapa wanabana bajeti, mtu kafunguliwa shingo nzima unampa dawa siku moja? Kwenye jino tu tunapewa siku 5.

NesiWaZamu:

Mzee wangu shikamoo. Hapo hawakubana bajeti, walifanya inavyotakiwa, na najua inavyouma kusikia hivyo.

Dawa ya kuzuia na dawa ya kutibu ni vitu viwili. Ya kuzuia kazi yake ni kuwepo kwenye damu wakati kisu kinapita, kwa hiyo inachomwa ndani ya saa moja kabla ya kukata, na operesheni ikiwa ndefu inarudiwa mle mle thieta, mfano sefazolini kila masaa 4. Ikiisha operesheni wanaendelea nayo masaa 24 basi. Limepimwa hili mara nyingi, waliopewa siku 5 au 7 hawakupata nafuu yoyote zaidi ya wale wa siku moja, walichopata ni kuharisha na bakteria sugu. Miongozo ya kimataifa ya upasuaji wa kichwa na shingo ya 2017 inasema hivyo hivyo. Msipime uzito wa matibabu kwa wingi wa chupa zinazoning'inia.

Cha kuulizia ni AINA ya dawa. Mdomoni kuna bakteria wanaoishi bila hewa kwa hiyo dawa lazima iwaguse na wao, ndo unaona sefazolini inaongozana na flajili, au ampisilini iliyochanganywa na sulbaktamu. Wanaopewa klindamaisini peke yake wanapata maambukizi zaidi, hilo limeonekana tena na tena. Na nani anapewa klindamaisini? Yule aliyesema ana aleji ya penisilini. Na ukimchimba, aleji yenyewe ni kwamba mwaka 1988 alichomwa sindano akasikia kizunguzungu, au mama yake alimwambia. Watu wanaosema wana aleji ya penisilini, wakipimwa vizuri kama 9 kati ya 10 hawana. Kwa hiyo ukiulizwa, eleza kilichotokea haswa, vipele? kuvimba midomo? kushindwa kupumua? Usiseme tu "ana aleji" ukaishia hapo, unamfungia mgonjwa wako dawa nzuri.

Mzee_Kabwela:

Marahaba. Hilo la aleji sikuwahi kulisikia. Lakini kwenye siku moja bado moyo hautulii.

Kipusa_Tanga:

Dada nesi shikamoo na wengine wote salaam. Huu uzi umekuja wakati wangu jamani. Baba yangu ana kidonda kwenye shavu kwa ndani, majibu ya kinyama yametoka ni kansa, tumeambiwa atapasuliwa na atatolewa nyama ya mkono. Mzee ni mtu wa tambuu na tumbaku toka ujana wake, popoo haimtoki mdomoni, ana sukari pia na dawa anakunywa akijisikia. Amepungua sana maana kutafuna kunamuuma, anakunywa chai tu na mkate wa kuchovya. Tufanye nini kabla? Nikikaa nalia tu haisaidii.

NesiWaZamu:

Marahaba mdogo wangu, pole sana na umefanya vizuri kuuliza kabla. Nusu ya vita ya maambukizi inapiganwa kabla ya siku ya operesheni, huko nyumbani kwenu.

Sukari kwanza. Sukari ya juu inalemaza chembe nyeupe za damu na kuwalisha bakteria. Mpimeni kila siku mwandike kwenye daftari, nendeni kliniki ya sukari sasa hivi msisubiri siku ya kulazwa, wakihitaji kumuweka kwenye insulini kwa muda mkubali. Siku zile za operesheni tunataka isipite 10. Kuna wagonjwa wanarudishwa kutoka mlango wa thieta kwa sababu ya sukari tu, na foleni unaijua.

Tambuu na tumbaku ziachwe leo. Wiki 4 kabla inaleta tofauti ya kweli kwenye kidonda na kwenye mapafu, na hata kama mmebakiza wiki moja aache tu. Ukimzuia bila kumpa kitu cha kushika mdomo wake atakuzunguka, mzee wa tambuu anajua vichochoro vyote vya Tanga.

Chakula. Hii chai na mkate ndo inaniogopesha kuliko sukari. Mtu aliyepungua hana protini ya kujengea kovu, nyuzi zinakaa kwenye nyama isiyo na nguvu zinaachia. Mtengenezee uji wa lishe mzito wenye karanga na maziwa, mayai yaliyopondwa, supu ya samaki iliyosagwa na samaki wake, maharage yaliyosagwa na tui, mara 6 kwa siku kidogo kidogo. Akishindwa kabisa kumeza ombeni mpira wa puani hata kabla ya operesheni, sio aibu.

Na mkono! Kama wanachukua nyama ya mkono, watapima kwanza kama kiganja kinapata damu ya kutosha kwa mshipa ule mwingine. Ukishachaguliwa mkono, hakuna kutoa damu hapo wala kuweka kanula (ile sindano ya dripu inayoachwa kwenye mshipa). Nimeona mkono umechaguliwa, usiku mtu wa maabara kapita katoboa hapo hapo, asubuhi mshipa umevimba.

Meno32:

Niongezee upande wangu, mimi ni tabibu wa meno. Kipusa, baba akaguliwe meno YOTE kabla ya operesheni. Meno yaliyooza na yanayocheza ni ghala la bakteria, yatolewe mapema au siku hiyohiyo ya operesheni. Kuna sababu ya pili kubwa zaidi. Taya likishapigwa mionzi mishipa yake midogo ya damu inakufa pole pole na haifufuki, mkija kung'oa jino baada ya hapo lile shimo linaweza lisipone kabisa, mfupa unabaki wazi unakufa, unaingiwa na bakteria, unavunjika mtu akitafuna tu. Na haina muda wa kuisha, hata ipite miaka kumi. Kwa hiyo jino lolote bovu litoke angalau wiki 2 kabla mionzi haijaanza. Na akishapona, akiumwa jino asiende kwa fundi wa mtaani, aseme kwa sauti kubwa MIMI NILIPIGWA MIONZI.

Halafu nilie kidogo. Wagonjwa wangu wengi wa kansa ya fizi historia yao inaanza hivi, jino lilicheza, likang'olewa mahali, shimo halikupona, wakapewa amoksilini, tena amoksilini, tena amoksilini. Kidonda cha mdomo kikipita wiki 2 au 3 hakijapona kichukuliwe kinyama kikapimwe. Basi nimemaliza, endeleeni.

Mwana_wa_Mbeya:

Uzi mtamu mchungu huu. Baba mdogo wangu alifanyiwa hiyo ya mkono, hospitali siitaji. Alikuwa ametobolewa koo ili apumue, lile bomba linafungwa na tepe kuzunguka shingo. Usiku nimekaa naye nikaona ile nyama ndani ya mdomo inabadilika, jioni ilikuwa ya pinki, saa nane usiku imekuwa ya zambarau imejaa. Namuita nesi wa zamu anasema kawaida hiyo, ni damu imevilia. Nikamuita tena. Mara ya tatu akaja daktari wa mafunzo kijana mdogo, akaangalia, akaingiza kidole chini ya tepe kikagoma kuingia. Tepe ilikuwa imekaza shingo imekaa juu ya mshipa ulipounganishwa! Akaikata na mkasi pale pale, akashika bomba kwa mkono wake mpaka wakalishona kwenye ngozi. Baada ya muda rangi ikaanza kurudi. Nyama ilipona yote ila pembeni kipande kidogo kilikufa na hapo hapo ndo maambukizi yakaanzia.

NesiWaZamu:

Mkuu umenisisimua mwili. Uliokoa flapu ya baba yako mdogo kwa ubishi wako, na wote mnaokesha na mgonjwa mjifunze huo ubishi, hasa masaa 72 ya mwanzo. Flapu ikiwa nyeupe ya baridi, damu haiingii. Ikiwa ya zambarau imevimba, damu haitoki. Vyote viwili ni dharura ya dakika. Na umeona uhusiano wake na mada, nyama iliyokosa damu haina kinga yoyote, dawa haifiki hapo maana dawa inasafiri na damu, bakteria wanakula bure.

Bomba la koo nalo ni mlango. Makohozi yakituama yanashuka mapafuni, na hawa wagonjwa wetu wa sigara wengine tunawapoteza kwa nimonia kidonda kikiwa kinapona vizuri. Kitanda kiinuliwe kichwani hasa wakati wa kumlisha kwa mpira, anyonywe makohozi, na akae kwenye kiti mapema hata akikukunjia uso.

chizi_maarifa:

Swali la kizushi, hiyo ngozi ya mkono ina nywele, sasa mdomoni zinaendelea kuota??

NesiWaZamu:

😂 Zinaota ndiyo. Mionzi huwa inazimaliza. Kwa wasiopigwa mionzi wengine wanazipunguza kwa mkasi.

Na kwa kuwa umeleta uzushi, ikitokea damu haitoki kwenye flapu na mshipa hauwezi kurekebishwa, kuna hospitali duniani mpaka leo wanaweka ruba, wale wadudu wanyonya damu, wanafugwa kwa kazi hiyo. Sasa ruba tumboni mwake ana bakteria wake anaitwa Aeromonas, kwa hiyo mgonjwa lazima awekwe kwenye dawa kama siprofloksasini muda wote anaponyonywa. Msiende kuwaokota mtoni tafadhali.

MamaFarida:

Mimi naona mnasahau asali. Asali mbichi inakausha kidonda, bibi zetu walitumia. Kwetu tulimpaka mjomba kwenye kile kitundu cha shingo.

NesiWaZamu:

Mama Farida asali kwenye vidonda inatumika hata hospitali, ila ni iliyosafishwa maalum. Ya chupa ya sokoni ina vijidudu vyake. Na kitundu cha shingo usikitazame kama kidonda cha mguu, chini yake sentimita chache kuna ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Mate na usaha vikiulowesha siku nyingi ukuta wake unalegea, hasa kwa aliyewahi kupigwa mionzi.

Kwa hiyo sikilizeni hapa wote: mgonjwa mwenye shingo yenye maambukizi akitoa damu mbichi mdomoni, kwenye kitundu au kwenye bomba la koo, hata kijiko kimoja, hata kama imeacha yenyewe, ni hospitali SASA HIVI. Ile ndogo huwa inatangulia kubwa. Bonyeza kwa kitambaa kwa nguvu usiachie mpaka ufike.

Diaspora_Minnesota:

Kuhusu mshipa kupasuka, huku Marekani kuna mtu maarufu yalimkuta, Roger Ebert, yule mhakiki wa filamu wa Chicago. Alishapigwa mionzi kabla, 2006 wakamkata kipande cha taya, siku anajiandaa kutoka hospitali mshipa wa shingo ukapasuka, akapona kwa sababu hakuwa ameshatoka. Walijaribu kumjenga taya mara kadhaa kwa nyama na mifupa yake mwenyewe, hazikushika. Sauti ikaenda, kula kwa mpira wa tumboni, na akaendelea kuandika kila siku mpaka alipofariki 2013, tena akakubali picha yake ya uso vile ulivyo itoke gazetini. Alikuwa na pesa na madaktari wazuri na bado. Aliyeshapigwa mionzi mezani ni mgonjwa mgumu popote pale.

Mzee_Kabwela:

Nimerudi na swali la mwisho. Sasa maambukizi yakishatokea, hapo dawa ni siku ngapi?

NesiWaZamu:

Hapo ndo dawa inapata kazi yake mzee wangu, ila sio ya kwanza. Kwanza usaha utoke, wanafungua nyuzi chache, wanaosha, wanaelekeza mate yatokee mahali mbali na mshipa mkubwa. Usaha unachukuliwa unaoteshwa maabara kabla ya dozi kubadilishwa, ili wajue ni mdudu gani, maana siku ya 8 hospitalini anaweza kuwa Klebsiella au Pseudomonas ambaye seftriaksoni kwake ni maji. Siku ngapi inategemea kidonda. Fistula nyingi ndogo zinafunga zenyewe kwa kuosha, kubana bandeji na kula vizuri kwa mpira. Kubwa inarudi thieta, mara nyingi nyama ya kifua ndo inaitwa kuziba. Pleti nazo zinaweza kuleta usaha hata miezi kadhaa baadae, kwa hiyo akitokewa na kijipu shavuni mwakani asiseme ni chunusi.

Kipusa_Tanga:

Asanteni sana wote. Leo sukari ya mzee ilikuwa 17, tumeshaenda kliniki wamembadilishia dawa. Meno tunaenda Jumatatu. Tambuu amegoma mpaka nimemuonyesha huu uzi, kausoma na miwani kimya, akaniuliza tu huyo nesi ni mtu wa wapi. Dada, akitoka wodini naweza kumrudisha Tanga siku hiyohiyo? Na anatumia mkono wa kulia.

NesiWaZamu:

Msalimie sana mzee, mwambie nesi ni mtu wa Korogwe. Usimpandishe basi akiwa bado na dreni au kabla hajajaribiwa kumeza maji mbele ya daktari, tafuteni pa kulala karibu na hospitali mpaka kliniki ya kwanza ya kidonda. Na hapo hapo siku ya kwanza ulizia tarehe ya mionzi, msisubiri kuitwa. Mkono watachukua wa kushoto basi, siku ya kulazwa mwandikie na maka peni hapo juu ya kiganja kwa herufi kubwa USITOBOE.